Saini ya Mke Aliye Igogo Kwenye Kodi ya Mume Aliye Marekani

Mume anafanya kazi kwenye ghala Minnesota, mke anauza dagaa na vitenge Igogo, hapa Mwanza. Ndoa ni halali na cheti kipo kabatini. Msimu wa kodi ukifika, mume anajaza ritani yake ya Marekani na kutia alama mahali palipoandikwa kwamba hajaoa, kwa sababu mke hayuko naye.

Kosa hilo limeenea mno kwa watu wetu walioko ughaibuni. Ndoa iliyofungwa kihalali Mwanza inatambulika pia Marekani, na aliye ndani ya ndoa tarehe 31 Desemba huhesabiwa kuwa mwanandoa kwa mwaka mzima, hata kama mwenzake hajawahi kukanyaga nchi ile. Huku kwetu jambo hili halijazoeleka: mfanyakazi hukatwa kodi kwenye mshahara wake mwenyewe, ana TIN yake na namba yake ya NSSF au PSSSF, na ndoa haiingii kwenye hesabu hiyo. Kule hali ya ndoa ndiyo inayoamua viwango vya kodi, na vilevile nani anaruhusiwa kuweka akiba ya uzeeni na kwa jina la nani.

Mume huyu ana njia mbili za kawaida. Ya kwanza ni kujaza kama mwanandoa anayewasilisha ritani peke yake. Kama mke hana namba ya kodi ya Marekani, nafasi ya namba hiyo huandikwa NRA, yaani mgeni asiye mkazi. Ya pili ni kujaza kwa pamoja: wanandoa wanaambatanisha tamko lenye saini zote mbili, kwamba wamechagua mke achukuliwe kama mkazi wa Marekani kwa ajili ya kodi ya mapato. Njia hii inataka mmoja wao awe raia au mkazi wa kikodi mwaka unapokwisha, kwa mfano mwenye green card. Mwanafunzi mwenye viza ya F-1 kwa kawaida hahesabiwi mkazi katika miaka yake mitano ya kwanza, kwa hiyo mwanafunzi huyo na mkewe aliye Igogo hawawezi kuichagua.

Tuzitazame tarakimu za mwaka 2025. Mume amepata dola 60,000, na mke amepata faida ya dola 3,000 baada ya gharama za biashara. Mume akijaza peke yake, kiasi cha kawaida kisichotozwa kodi ni dola 15,750, na kodi yake ya mapato ni takriban dola 5,070. Wakijaza pamoja, kiasi hicho kinapanda hadi dola 31,500 na viwango vya kodi vinalegea. Ingawa faida ya mke imeingizwa, kodi inashuka hadi takriban dola 3,300. Hapo wameokoa zaidi ya dola 1,700.

Lakini unafuu huo una bei yake. Mke anatakiwa kutaja mapato yake yote, ya duka, ya nyumba ya kupanga na ya shamba la Sengerema kama lipo. Tanzania na Marekani hazina mkataba wa kuzuia kutozwa kodi mara mbili, kama ule tulio nao na Kanada, Sweden au India. Kinachowasaidia ni sheria ya Marekani yenyewe, inayoruhusu kodi ya mapato iliyolipwa TRA ipunguzwe kwenye ile ya huko, kwa hiyo stakabadhi za TRA zitunzwe vizuri. Kubwa kuliko yote, wote wawili wanasaini kwa kiapo na kila mmoja anawajibika kwa deni lote. Mume akificha mapato, IRS, yaani mamlaka ya kodi ya Marekani, ina haki ya kumdai hata mke. Na uchaguzi huo ukishafutwa, wawili hao hawaruhusiwi kuufanya tena maishani.

Kwa ritani ya pamoja mke anahitaji namba iitwayo ITIN, yenye tarakimu tisa na inayoanza na 9. Huombwa kwa Fomu W-7, inayotumwa pamoja na ritani yenyewe Austin, Texas. Hapa ndipo wengi hukwama: nakala ya pasipoti yenye muhuri wa wakili haikubaliki. IRS inataka pasipoti halisi, au nakala iliyothibitishwa na mamlaka iliyoitoa, ambayo kwetu ni Uhamiaji, au ipitie kwa wakala aliyeidhinishwa na IRS.

Sasa tuje kwenye akiba ya uzeeni. Akaunti ya Roth IRA hupokea fedha iliyokwisha kukatwa kodi, na mwenye akaunti akifika umri wa miaka 59 na nusu, akaunti ikiwa imetimiza miaka mitano, huitoa pamoja na faida yake bila kodi. Kikomo cha mwaka 2025 ni dola 7,000, au dola 8,000 kwa aliyetimiza miaka 50. Mwanandoa anayejaza peke yake huku ameishi na mwenzake wakati wowote ndani ya mwaka haruhusiwi kuweka hata senti mapato yake yakifika dola 10,000. Mume aliyekuja likizo Igogo na kukaa wiki kadhaa na mkewe chini ya paa moja anaweza kuangukia kwenye sheria hiyo bila kujua. Fedha aliyoiweka hutozwa faini ya asilimia 6 kila mwaka mpaka aiondoe. Wakijaza pamoja, kizuizi hicho hakiwahusu. Kinachowahusu ni kikomo cha mapato, ambacho kwa mwaka 2025 kilianzia dola 236,000.

Kuna haki nyingine isiyosemwa sana. Wanaojaza pamoja wanaweza kutumia mshahara wa mume kuchangia akaunti ya uzeeni iliyo kwa jina la mke, hata kama mke hana kipato. Ugumu ni kwamba taasisi nyingi za fedha za kule hukataa mteja asiye na anwani ya Marekani. Ikishindikana, mke ajiunge na NSSF, inayopokea watu waliojiajiri, na sehemu ya zile dola 1,700 iende huko kila mwaka kwa jina lake. Asitegemee pensheni ya serikali ya Marekani kupitia mumewe: kwa kawaida mke asiye raia, aliye nje ya nchi ile na ambaye hajawahi kuishi huko miaka mitano akiwa mke wa mchangiaji, halipwi.

Kuhusu 401(k), yaani akaunti ya akiba ya uzeeni kwa mwajiri binafsi, sheria inamfanya mke kuwa mrithi moja kwa moja, isipokuwa kama amesaini kukubali fedha ziende kwa mwingine. Mume aliyejiandikisha kazini kama kapera anamwachia mjane wake kazi ya kuthibitisha ndoa akiwa ng'ambo ya bahari, tena msibani.

Aliyekwisha kujaza vibaya anaweza kurekebisha kwa Fomu 1040-X, kwa kawaida ndani ya miaka mitatu. Na wewe mama uliyetumiwa karatasi usaini, omba kwanza ritani nzima uisome na mtu anayeielewa. Uliza mapato yote yaliyoandikwa, kodi iliyookolewa, na jina la mrithi kwenye kila akaunti. Saini yako inapunguza kodi na kukubebesha deni; ni haki yako ikuwekee na akiba ya uzeeni.