MICHEZO MITATU YA KUIFAHAMU ELEKTRONI

Vitu vyote vimejengwa kwa chembe ndogo sana ziitwazo atomu. Jembe ni atomu. Maji ni atomu. Hata mwili wako ni atomu. Ndani ya atomu mna chembe ndogo zaidi ziitwazo elektroni. Umeme unapopita katika waya, ni elektroni zinazokwenda.

Elektroni ina tabia ya ajabu. Inaweza kuwa katika hali mbili kwa pamoja, mpaka ipimwe. Maana yake ni nini? Tujaribu kufahamu kwa michezo mitatu. Tafuteni punje moja ya mahindi, sarafu moja na beseni la maji.

Mchezo wa kwanza: Punje iliyofichwa

Mtu mmoja afiche punje katika mkono mmoja, kisha afumbe mikono yote miwili. Wengine wabahatishe. Je, iko kulia au kushoto?

Wanaobahatisha hawajui. Lakini punje iko mkono mmoja tu, na aliyeificha anajua ni upi. Akifumbua mkono, punje haibadiliki. Kinachokwisha ni kutojua kwetu.

Elektroni haiko hivyo. Katika hali mbili za elektroni, si kwamba jibu limefichwa. Jibu lenyewe bado halijakuwapo.

Mchezo wa pili: Sarafu inayozunguka

Isimamishe sarafu juu ya meza, uizungushe kwa vidole kama pia. Inapozunguka, muulize mwenzako: imelala upande gani? Hawezi kujibu, kwa kuwa haijalala upande wowote. Sasa ipige kwa kiganja. Italala upande mmoja tu.

Kupima elektroni kunafanana na kuipiga sarafu hiyo. Kabla ya kupimwa, hali zote mbili zipo. Baada ya kupimwa, inabaki moja. Lakini huu ni mfano tu. Elektroni haizunguki kama sarafu. Kwa hiyo tucheze mchezo wa tatu.

Mchezo wa tatu: Mawimbi mawili

Weka beseni la maji mahali penye mwanga. Maji yakitulia, yagusegusa kwa kidole kimoja. Mawimbi madogo yataenea pande zote. Kisha tumia vidole viwili vilivyoachana kidogo, uguse maji kwa pamoja.

Tazama vizuri pale mawimbi yanapokutana. Mahali pengine maji yanapanda na kushuka zaidi. Mahali pengine yanakaribia kutulia. Hapo wimbi moja linapanda wakati jingine linashuka, nayo yanafutana. Ungetumia kidole kimoja tu, maji ya hapo yangetikisika.

Jaribio la Japani

Mwaka 1989 mtaalamu Akira Tonomura na wenzake walifanya jaribio nchini Japani. Walipitisha elektroni moja moja kando ya uzi mwembamba sana wenye umeme. Elektroni iliweza kupita kushoto au kulia kwa uzi. Mbele yake kulikuwa na kifaa cha kuonyesha ilipofika.

Kila elektroni ilionekana kama nukta moja. Mwanzoni nukta zilitawanyika ovyo. Zilipokuwa nyingi, zilijipanga kwa mistari. Palikuwa na mistari yenye nukta nyingi, na kati yake nafasi zenye nukta chache sana. Ilikuwa kama mawimbi yaliyofutana katika beseni.

Fikiri sasa. Elektroni zilipita moja moja. Hakukuwa na nyingine ya kukutana nayo. Kila moja ingekuwa imepita upande mmoja tu, kama punje katika mkono mmoja, mistari ile isingetokea. Kwa hiyo njia zote mbili zilihusika katika safari ya elektroni moja. Tena, wataalamu wakiweka kifaa cha kutambua njia iliyopita, mistari hupotea.

Je, mtu anaweza kuwa mahali pawili?

Hapana. Mtu ana atomu nyingi mno. Hewa na mwanga vinamgusa kila wakati, na kuguswa huko ni kama kupimwa. Hali mbili hudumu pale tu chembe inapokingwa isiguswe na vitu vingine.

Wataalamu wanajaribu kuitumia tabia hii katika kompyuta za aina mpya. Lakini wapo pia watu wanaotumia maneno haya ya sayansi kuuza dawa za uongo. Mtu akikuambia dawa yake inaponya maradhi yote kwa nguvu ya elektroni, usitoe fedha yako. Muulize: jaribio lake liko wapi?

Maswali

1. Punje iliyofichwa ina tofauti gani na elektroni?
2. Kwa nini mahali pengine katika beseni maji hutulia?
3. Katika jaribio la Japani, elektroni zilipita ngapi kwa mara moja?
4. Kwa nini ng'ombe hawezi kuwa mahali pawili? Jadilianeni.