Muswada Uende Kamati Gani?

Mwezi Mei 2012, katika Bunge la jimbo la Colorado mjini Denver, muswada mmoja ulivuka kamati tatu salama kisha ukafia kwenye ya nne. Ulihusu kutambua kisheria miungano ya wapenzi wa jinsia moja. Ubishi wenyewe siugusi hapa; ninachofuata ni njia uliyopitishwa. Baraza la Wawakilishi lilikuwa na Warepublican 33 na Wademokrat 32, na Spika Frank McNulty, Mrepublican, aliupinga muswada huo. Ulipoingia kwake ulipelekwa Kamati ya Sheria na Mahakama. Mrepublican mmoja akapiga kura na upande wa pili, ukapita kwa kura 6 dhidi ya 5. Kamati ya Fedha ikawa vivyo hivyo, na Kamati ya Bajeti vivyo hivyo: kila mahali chama cha Spika kilimkosa mtu mmoja tu. Usiku wa tarehe 8 Mei, zikiwa zimebaki saa chache kabla muda wa kuusoma mara ya pili haujakwisha, shughuli za ukumbi zilisimamishwa. Saa sita usiku ikapita, na muswada ukafa pamoja na mingine mingi isiyohusika na ugomvi huo.

Gavana John Hickenlooper akaitisha kikao maalumu. Jumatatu, tarehe 14 Mei, muswada ukaingizwa upya ukiwa na namba mpya. Safari hii Spika hakuupeleka Kamati ya Sheria na Mahakama. Aliupeleka Kamati ya Mambo ya Jimbo, Wanajeshi Wastaafu na Masuala ya Kijeshi. Siku hiyohiyo ukaangushwa kwa kura 5 dhidi ya 4.

Wanajeshi wastaafu wanahusikaje na miungano ya wapenzi? Hawahusiki. Ila wajumbe watano wa chama cha Spika waliokuwa kwenye kamati ile hawakuyumba, na kati ya wanaolijua Bunge la Denver sidhani kuna aliyeshangaa. Kamati hiyo ina sifa yake ya miaka mingi: ndiko viongozi wa chama chenye wabunge wengi, kiwe kipi, hupeleka miswada wasiyotaka ifike ukumbini.

Tumezoea kusubiri siku ya kura ya mwisho, wabunge wote wakiwa wameketi na kamera zikiwaka. Kwa miswada mingi katika mabunge ya majimbo ya Marekani, siku hiyo haifiki kabisa. Hatima yake iliamuliwa wiki nyingi nyuma, pale jina la kamati lilipoandikwa mbele ya namba yake. Hatua hiyo huchukua sekunde chache, haina mjadala, na kwenye kumbukumbu rasmi za Bunge inachukua mstari mmoja.

Tuanzie mwanzo kidogo. Msomaji aliyezoea Dodoma au Nairobi anajua kwamba miswada mikubwa huletwa na Serikali, waziri au kiongozi wa upande wa Serikali akiwa ndiye mtoa hoja. Katika majimbo ya Marekani gavana hana kiti bungeni. Akitaka sheria, lazima ampate mbunge au seneta wa kuibeba. Vilevile chama cha walimu, kampuni ya umeme, kanisa, chuo kikuu, au mama wa mtaani ambaye mtoto wake amegongwa kwenye kivuko kisicho na taa: wote wanatafuta mbunge. Ndiyo maana miswada inakuwa mingi kupita kiasi. Texas, ambako Bunge hukutana kwa siku 140 tu kila baada ya miaka miwili, hupokea maelfu kwa kikao kimoja, na milango ya kupokea hufunguliwa Novemba, wiki chache kabla kikao chenyewe hakijaanza. Colorado imeweka kikomo: miswada mitano kwa kila mbunge kwa mwaka, labda apewe ruhusa maalumu.

Mbunge haandiki muswada kwa mkono wake. Analeta wazo, wakati mwingine kwenye karatasi moja, na wanasheria walioajiriwa na Bunge, wasiofungamana na chama, huligeuza kuwa lugha ya sheria: kifungu gani kifutwe, neno gani liongezwe, sheria ianze lini. Kisha Karani wa Bunge anautia namba na kuusoma mara ya kwanza. Kinachosomwa ni kichwa cha muswada peke yake. Hakuna anayesimama kuuliza, hakuna kura.

Hicho kichwa, hata hivyo, si pambo. Katiba za majimbo mengi zinataka muswada uwe na jambo moja tu na kichwa kilitaje jambo hilo waziwazi. Anayegawa miswada kwenye kamati huanza kwa kusoma kichwa, kwa hiyo mwandishi mjanja anaweza kuusukuma muswada kuelekea kamati anayoitaka hata kabla haujaingia. Muswada wa kuwatoza faini wakulima wanaomwaga mbolea mtoni unaweza kuandikwa kama suala la kilimo, la maji, la afya au la makosa ya jinai, na kila mlango una mwenyekiti wake. Mfano unaotajwa sana ni wa Bunge la taifa mwaka 1963. Toleo moja la muswada wa kuzuia ubaguzi wa rangi mahotelini na migahawani lilijengwa juu ya mamlaka ya Bunge kusimamia biashara kati ya majimbo, na hivyo katika Seneti likaenda Kamati ya Biashara ya Warren Magnuson. Kamati ya Sheria na Mahakama ilikuwa chini ya James Eastland wa Mississippi, mtetezi mkubwa wa ubaguzi, na kila mtu alijua kingetokea nini huko.

Sasa, nani hasa anaandika jina la kamati? Texas ni Spika kwa upande wa Baraza la Wawakilishi, na Naibu Gavana kwa upande wa Seneti, maana ndiye anayeiongoza. Illinois miswada yote ya Baraza la Wawakilishi huingia kwanza Kamati ya Kanuni, yenye wajumbe watatu wa chama kikubwa na wawili wa chama kidogo, ndipo ipelekwe mbele. Au isipelekwe. Muswada unaweza kukaa humo mpaka muhula wa Bunge uishe bila mtu hata mmoja kupiga kura ya kuukataa, na mbunge wa upande wa wachache akirudi kwa wapiga kura wake hana hata jina la mtu wa kumlaumu. Kati ya njia zote za kuua muswada, hii ndiyo naiona mbaya kuliko zote, kwa sababu haiachi alama.

Wakoloradi walilichoka jambo kama hilo mapema. Mwaka 1988 walipiga kura kubadili katiba ya jimbo lao ili kila muswada unaopelekwa kamatini ujadiliwe na upigiwe kura, mwenyekiti asiweze kuuweka mtotoni mwa meza na kuusahau. Mabadiliko mazuri, na hadi leo yanawatofautisha na majimbo mengi. Lakini tazama yalichozaa. Mwenyekiti alipopokonywa uwezo wa kuulaza muswada, kiongozi asiyeutaka alilazimika kutafuta kamati ambayo kura ya hapana ina uhakika. Nguvu iliyotoka kwa mwenyekiti haikwenda kwa umma moja kwa moja. Sehemu yake ilihamia kwa Spika, kwenye ule mstari mmoja wa kumbukumbu. Kwa haki lazima niseme kwamba kifo cha Colorado angalau kina majina: watu tisa walikaa, wakasikiliza, wakapiga kura, na wapiga kura wakajua nani alifanya nini. Novemba 2012 Wademokrat waliuchukua wingi wa Baraza, Mark Ferrandino, aliyeubeba muswada ule barazani, akawa Spika, na tarehe 21 Machi 2013 gavana akatia sahihi muswada mpya wa jambo lilelile.

Jimbo linalonivutia zaidi ni Nebraska, ambalo kwa habari za dunia halisikiki sana. Mwaka 1934 wananchi wake, wakihimizwa na Seneta George Norris, waliamua kulifuta baraza moja kati ya mawili. Tangu Januari 1937 wana bunge la chumba kimoja, la pekee katika majimbo yote 50. Wabunge wake 49, wanaoitwa maseneta, huchaguliwa kwa karatasi ya kura isiyotaja chama. Vyama vipo, kila mtu anajua nani ni nani, lakini wenyeviti wa kamati huchaguliwa na Bunge zima kwa kura ya siri, na mara nyingi mtu wa chama kidogo amekalia kiti.

Miswada huko huingizwa katika siku kumi za kwanza za kikao, isipokuwa michache inayoruhusiwa baadaye. Ikishasomwa mara ya kwanza, haimwendei Spika. Inakwenda kwa watu tisa, Halmashauri Kuu ya Bunge, ambao kwa kazi hii huitwa Kamati ya Ugawaji. Spika ni mmoja wao, na kura yake ni moja. Wanasoma muswada, wanalinganisha na kazi za kila kamati, wanagawa. Asiyeridhika anaweza kuomba ubadilishiwe kamati, akikwama akalipeleka suala mbele ya Bunge zima. Sitasema kwamba watu hao tisa ni malaika. Ni wanasiasa, na ugomvi juu ya muswada gani uende wapi hutokea. Ila ugomvi huo unafanyika mahali pa kuonekana.

Na kuna sharti la pili, ambalo kwangu ndilo lenye uzito zaidi: kila muswada lazima usikilizwe hadharani. Kila mmoja, hata ule ambao mwenyekiti anauona upuuzi. Tangazo hutolewa siku saba kabla. Siku ikifika, mchana, katika vyumba vya jengo la Bunge mjini Lincoln, utaratibu ni uleule. Seneta mwenye muswada anakaa kwenye kiti cha shahidi mbele ya wenzake na kueleza kwa nini ameuleta. Wanafuata wanaouunga mkono, kisha wanaoupinga, kisha wasio na upande. Kila anayeketi anataja jina lake na kulitamka herufi kwa herufi, maana kuna mtu anayerekodi kila neno na asingependa kukosea jina la mtu kwenye kumbukumbu za kudumu. Mezani kuna taa: ya kijani unaendelea, ya njano malizia, nyekundu nyamaza. Dakika ni chache, kwa kawaida tatu au tano. Mwishoni seneta anaruhusiwa kurudi kujibu.

Nani anaweza kuketi pale? Yeyote. Hakuna anayeuliza cheo, chama wala uraia. Kwa Waswahili wanaoishi Omaha, Lincoln au Denver, wakiwemo wakimbizi kutoka Kongo ambao bado hawana haki ya kupiga kura, hapa ndipo mahali ambapo sauti yao inaingia moja kwa moja katika utungaji wa sheria: juu ya leseni za udereva, vyeti vya taaluma vilivyopatikana nje, kodi ya pango, wakalimani mahospitalini. Wengi huandamana nje wakati wa kura ya mwisho. Dakika tatu kwenye kiti kile, mbele ya watu wanane ambao bado hawajaamua, zina faida kubwa kuliko mabango mia.

Wanapomaliza kusikiliza, wajumbe hukaa wenyewe kuamua. Umma hauingii, lakini kwa desturi ya Nebraska waandishi wa habari huruhusiwa kukaa na kutazama. Kamati inaweza kuupeleka muswada mbele, ukiwa ulivyo au ukiwa na marekebisho, au kuuahirisha moja kwa moja, maneno ya adabu yenye maana ya kuuua. Inaweza pia isifanye lolote. Hapo ndipo Nebraska nayo inapochechemea: kanuni inakuhakikishia kusikilizwa, haikuhakikishii kura. Miswada mingi husikilizwa vizuri mwezi Februari, ikabaki kamatini na isitajwe tena.

Zipo njia za kuinasua, nazo ni ngumu. Kila seneta ana haki ya kuuteua muswada mmoja kwa kikao kuwa kipaumbele chake, na mwenyekiti akijua kwamba mwenzake ametumia karata hiyo ya pekee hupata ugumu kuukalia. Kura 25 za Bunge zima zinaweza pia kuutoa muswada kamatini kwa nguvu. Hilo huonekana ni kuwavunjia heshima wajumbe waliousikiliza, na seneta anayewazunguka leo atawahitaji kesho kwa muswada wake mwingine, kwa hiyo wengi hawathubutu.

Kikao cha mwaka wa namba witiri, chenye siku 90, kikiisha, miswada iliyobaki huvuka hadi mwaka unaofuata, ule wa siku 60. Muswada ambao haujatoka kamatini huo nao ukiisha, umekwisha. Mwenye nao anaweza kurudi Januari, kuuwasilisha upya na kupewa namba nyingine. Akiwa amekaa na wanasheria wa Bunge na kukiandika kichwa kwa namna tofauti, huenda wale tisa safari hiyo wakaupeleka kamati nyingine.