Kanzidata ya Kompyuta Si Mfumo Endeshi

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ya Marekani ilisitisha usaidizi wa kawaida kwa Windows 10 na, siku hiyohiyo, kwa Access 2016 na Access 2019. Kwa kuwa tarehe ni moja, ni rahisi kudhani kuwa ni kitu kimoja. Sivyo.

Windows ni mfumo endeshi: huiwasha kompyuta, hugawa kumbukumbu kwa programu zote, husimamia diski, kibodi na printa. Haijui jina la mwananchi yeyote wala kiwanja chake. Hayo hujulikana na Access, programu ya kanzidata iliyotoka mwaka 1992 na inayofanya kazi juu ya Windows. Huweka taarifa katika majedwali na kuyaunganisha; jedwali la wamiliki hufungamanishwa na la viwanja kwa namba moja, hivyo anwani ya mmiliki ikibadilika hurekebishwa mahali pamoja tu. Kwa kawaida taarifa zote hukaa katika faili moja isiyozidi gigabaiti 2.

Faili hiyo ndiyo yenye thamani. Kusitishwa kwa usaidizi hakuifuti. Kinachokoma ni masasisho ya usalama. Hatari kubwa zaidi huja pale fundi anaposafisha diski ili kuweka Windows mpya. Mfumo endeshi huwekwa tena. Rejista ya ofisi haina pa kupatikana isipokuwa kwenye nakala yake. Kabla ya kazi hiyo, Access ifungwe, faili yenye kiishio .accdb (au .mdb kwa za zamani) inakiliwe kwenye diski ya nje, kisha ifunguliwe katika kompyuta nyingine kuthibitisha kuwa inasomeka.