CHAMBO CHA BARUA PEPE: MBONA HATA WENYE AKILI HUNASWA?

Wahenga walisema, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Walaghai wa zama hizi wameugeuza msemo huo: humjia mtu katika dhiki yake, wakajifanya ndio rafiki.

Hadaa ya barua pepe si jambo geni. Ilipata jina huko Marekani katika miaka ya 1990, wezi walipojifanya watumishi wa kampuni ya America Online wakawataka wateja wawape maneno yao ya siri. Jina lake la Kiingereza limetokana na uvuvi: barua ni chambo, na anayejibu ndiye samaki. Tangu hapo maonyo yametolewa mara zisizohesabika. Hata hivyo, mwaka 2023 Shirika la Upelelezi la Marekani, FBI, lilipokea malalamiko zaidi ya 298,000 ya hadaa za namna hiyo. Kwa nini basi watu wangali wakinaswa?

Wengi hujibu kwamba ni ujinga. Jibu hilo halitoshi. Mwaka 2011 walaghai waliiandikia kampuni ya RSA ya Marekani, ambayo kazi yake ni kuuza zana za kulinda kompyuta. Barua ilihusu mpango wa kuajiri watu wa mwaka huo. Mtumishi mmoja akaufungua waraka uliokuwa ndani yake, na wezi wakapenya. Ikiwa muuza makufuli huibiwa, hapana budi tutafute sababu nyingine.

KASA NA CHAZO

Wavuvi wa Kibajuni wanaijua sababu hiyo tangu zama za babu zao. Walikuwa wakivua kasa kwa kumtumia chazo, yule samaki mwenye kinyonyeo kichwani. Mvuvi humfunga chazo kamba mkiani, na amwonapo kasa humwachilia majini. Chazo huenda akajibandika gambani, na mvuvi huvuta. Kasa hakuwa na sababu ya kumwogopa chazo, kwa kuwa ni mwenzake wa kila siku baharini. Asichokiona ni ile kamba.

Barua ya hadaa ni chazo mwenye kamba. Huja kwa jina la benki, la mkubwa wa kazi, au la ndugu ambaye akaunti yake imekwisha kuibiwa. Humfikia mtu kwa njia aliyoizoea, ikileta habari anayoitazamia.

MWENYE KUNGOJA

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Mlaghai hamtafuti mjinga. Anamtafuta mtu anayengoja. Na katika pwani ya Kismayo na visiwa vya Koyama, Chovai na Chula, kungoja kumekuwa sehemu ya maisha. Baada ya Serikali ya Somalia kuanguka Januari 1991, Wabajuni wengi waliabiri vyombo kwenda Lamu, Malindi na Mombasa. Baadhi yao walifika Ulaya na Marekani, na wengine wakarudi visiwani. Kwa hiyo jamaa moja huweza kuwa na watu wake katika nchi tatu au nne, na riziki, habari na matumaini yao hupita katika simu.

Mtu aliyengoja miaka mingi kuitwa na wahusika wa wakimbizi, akaletewa barua isemayo, “Jalada lako limekubaliwa, lipa ada leo,” hasomi kwa macho peke yake. Anasoma kwa moyo. Nayo milango inapofungwa, kama Marekani ilivyosimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi Januari 2025, njaa ya habari njema huzidi, na chambo huwa kitamu zaidi. Yafaa kila nyumba ikumbuke kwamba Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, halitozi ada yoyote kwa huduma zake, wala kwa kumhamishia mtu nchi ya tatu. Anayedai ada ni mwizi, hata akiandika kwa mhuri na nembo.

AMRI NA HARAKA

Kwa askari kuna mtego mwingine. Yeye amefunzwa kutii upesi. Mlaghai huandika kwa jina la afisa: “Jaza namba zako kabla ya saa sita, la sivyo mshahara utazuiliwa.” Haraka hiyo ina makusudi yake, maana mwenye hofu hana nafasi ya kuuliza.

Lakini askari huyo huyo amefunzwa pia zamu ya lindo. Usiku hampitishi mtu kwa sababu amevaa sare. Humsimamisha, akamtaka ajitambulishe. Barua nayo isimamishwe hivyo hivyo. Usibonyeze kiungo kilichomo, wala usipige namba iliyoandikwa humo. Piga namba uliyokuwa nayo tangu zamani, au nenda ofisini mwenyewe. Namba ya siri ya fedha za simu haitakiwi na mtumishi yeyote wa kweli.

YA KUFANYA NYUMBANI

Aliyekwisha kunaswa asizomewe. Anayeona haya huficha, na anapoficha, mwizi hupata muda wa kuwaandikia ndugu zake kwa jina lake. Na abadili neno la siri mara moja, aarifu benki au wakala wa hawala, kisha awaambie jamaa wote. Inafaa pia akaunti iwekewe kufuli ya pili, ile inayotaka namba ya ziada kila mtu anapoingia kwa kifaa kipya.

Tena yafaa wazazi na watoto wapatane mapema: ombi lolote la fedha, hata likitoka kwa mama au kaka, halitimizwi mpaka sauti yake isikike. Kufanya hivyo si kumvunjia mtu heshima. Ndugu wa kweli hatakasirika kwa kuulizwa, na fedha iliyokawia saa moja ni bora kuliko iliyopotea.