Lugha ya Mgonjwa Nayo Itahiniwe

Kanuni za mtihani ni ahadi ambayo chuo kikuu huwapa watu wasiowahi kukanyaga humo. Chuo kinapomtunuku daktari shahada ya Uzamili wa Tiba na kumwita bingwa wa upasuaji, wa watoto, wa uzazi au wa maradhi ya ndani, mwananchi hana njia ya kumpima daktari huyo kabla ya kulazwa mbele yake. Huliamini jina la chuo, nacho chuo huziamini kanuni zake. Kwa hivyo kanuni hizo si shughuli ya maprofesa wa tiba peke yao. Sisi tunaotibiwa tuna haki ya kuuliza zinapima nini na zinaacha nini. Dai langu ni kwamba zinaacha jambo moja kubwa, nalo ni lugha ya mgonjwa.

Hebu tuanze na yale zinayoyapima, kwa maana ni mengi na ni mema. Mafunzo ya shahada hiyo huchukua miaka 3 hadi 5, kutegemea chuo na taaluma. Mtahiniwa huandika karatasi, hutetea tasnifu, huhojiwa na jopo la watahini, kisha hupelekwa wodini. Mtahini wa nje huitwa kutoka chuo kingine ili ahakikishe kwamba wenyeji hawapendelei wala hawaonei. Aidha, ni desturi ya mitihani hii kwamba anayeanguka wodini hawezi kujiokoa kwa alama za karatasi. Hekima yake ni wazi: mtu hatibiwi kwa insha.

Huko wodini, kwa utaratibu wa jadi, mtahiniwa hupewa mgonjwa asiyemjua pamoja na muda, aghalabu saa nzima, wa kumhoji na kumpima. Baadaye husimama mbele ya watahini akaeleza aliyoyapata, akataja ugonjwa na tiba, akajibu maswali. Maelezo hayo yote hutolewa kwa Kiingereza. Mahojiano na mgonjwa, lakini, yamefanyika kwa lugha nyingine, na katika utaratibu huo wa jadi watahini hawakuwapo. Kwa jicho la mwanaisimu, wanachokitahini ni tafsiri. Matini asilia, yaani maneno ya mgonjwa mwenyewe, hawakuyasikia.

Kimya hiki kina asili yake. Kabla vyuo vyetu havijaanza kufunza mabingwa, daktari wa Afrika Mashariki aliyetaka ubingwa alisafiri hadi Uingereza kufanya mitihani ya vyuo vya kifalme vya London au Edinburgh. Huko mgonjwa, mtahiniwa na mtahini walitumia lugha moja, hivyo hapakuwa na haja ya kanuni kuitaja. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilipoundwa mwaka 1963, kikawa na Makerere, Nairobi na Dar es Salaam, na Nairobi ilipopata kitivo chake cha tiba mwaka 1967, muundo wa mitihani ulifuata mfano huo wa Uingereza. Tulipokea kanuni pamoja na kimya chake, ingawa kwetu kimya hicho kina gharama.

Naishi Githurai 45, upande wa Ruiru wa barabara kuu ya Thika. Mtaa huu, sawa na jirani yake Githurai 44, ulipata jina kutokana na nambari ya basi. Ukipita sokoni asubuhi utasikia Kikuyu, Kikamba, Kijaluo, Kiluhya na Kikisii, na katikati ya vyote Kiswahili, mara kile cha darasani, mara Sheng ya makanga. Mkazi wa hapa akizidiwa hupelekwa Thika, au katika hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, iliyoanza kupokea wagonjwa mwaka 2019, au Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, ambako Chuo Kikuu cha Nairobi hufunzia madaktari wake. Mama muuza nyanya wa soko la Githurai ndiye anayeweza kuwa kitandani siku ya mtihani. Yeye hakuletwa hapo na silabasi, na ataeleza maradhi yake kwa maneno aliyo nayo.

Maneno hayo yana mitego. Mgonjwa akisema kwamba moyo wake unachafuka, hajalalamikia moyo, anataka kutapika. Akisema ana mshipa, huenda anazungumzia mshipa wa damu, huenda neva, na kwa wazungumzaji wengi, hasa wazee wa pwani, huenda ni ngiri au busha ambayo anaona haya kuitaja waziwazi. Akisema anasikia maumivu, hasikii kwa masikio. Mtahiniwa anayetafsiri neno kwa neno atawapelekea watahini ugonjwa usiokuwapo, tena kwa Kiingereza kizuri mno.

Mtego mwingine umo katika sarufi. Daktari huuliza: "Hutapiki?" Mgonjwa hujibu: "Ndiyo." Kwa Kiswahili, jibu hilo hukubali kauli iliyotolewa, maana yake ni kwamba hatapiki. Aliyezoea kufikiri kwa Kiingereza aweza kulielewa kinyume, akaandika kwamba mgonjwa anatapika. Hapana kosa la tiba hapa. Kosa ni la kuuliza swali la kukanusha pasipo kuhakikisha jibu. Mwanafunzi wa isimu wa mwaka wa kwanza hufunzwa tofauti hii. Sioni ni kwa nini bingwa mtarajiwa asifunzwe na asipimwe.

Wa hatari zaidi ni mtego wa saa. Tuseme mzee ameletwa hospitalini saa nne asubuhi, upande mmoja wa mwili umepooza, na bintiye anasema hali ilianza saa mbili. Kwa hesabu ya Kiswahili zimepita saa 2. Daktari akiielewa mbili hiyo kwa hesabu ya Kiingereza, ataona kwamba mzee alianza kuugua katikati ya usiku na kwamba zimepita saa 8. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ubongoni kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Kwa hesabu moja mzee anastahili kufikiriwa kupewa dawa hiyo. Kwa hesabu ya pili anaachwa. Swali moja la nyongeza, la kujua kama ni asubuhi au usiku, lingemaliza utata huo. Je, ni kanuni gani ya mtihani inayompa mtahiniwa alama kwa kuliuliza, au kumnyima kwa kutoliuliza?

Fauka ya hayo, kimya hiki kinawaonea watahiniwa wenyewe. Chukua madaktari wawili waliosoma pamoja. Mmoja anapangiwa mgonjwa anayezungumza lugha ya mama yake. Katika dakika 20 ameyapata yote, na muda uliobaki anautumia kumpima kwa utulivu. Wa pili anapangiwa mgonjwa ambaye hawaelewani naye hata kidogo. Anamwomba muuguzi, au mgonjwa wa kitanda cha pili, amtafsirie. Saa inakwisha kabla hajafika kwenye maswali ya maana. Wote wawili watapimwa kwa kipimo kimoja, na ripoti ya mtihani itasema kwamba wa pili alikuwa dhaifu.

Walimu wa tiba wanalifahamu tatizo la bahati ya mgonjwa. Ndilo mojawapo ya yale yaliyomfanya Ronald Harden na wenzake wa Dundee, Uskoti, kubuni mwaka 1975 mtihani wa vituo, ambapo kila mtahiniwa hupitia kazi zilezile kwa muda uleule huku akitazamwa. Uingereza yenyewe, ambako tuliupata mfano wetu, ilikwisha kusonga mbele. Mwaka 2001 vyuo vya kifalme vya madaktari wa maradhi ya ndani vilianzisha mtihani uitwao PACES, ambamo mawasiliano na mgonjwa hupewa alama zake mbele ya macho ya watahini. Nako Afrika Kusini, Chuo Kikuu cha Cape Town huwafunza wanafunzi wake wa udaktari Kixhosa na Kiafrikana na kuwatahini katika lugha hizo. Lugha ya mgonjwa inatahinika.

Kwetu, Kiswahili huonekana mara moja katika safari yote ya shahada hii. Fungua tasnifu za Uzamili wa Tiba katika maktaba, uzifuatilie hadi mwisho. Katika viambatisho mara nyingi utaikuta fomu ya ridhaa iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, kwa kuwa kamati za maadili hutaka mgonjwa aelewe utafiti kabla ya kutia sahihi. Hilo ni jema. Lakini kurasa za Kiingereza za tasnifu hiyo husomwa mstari kwa mstari na watahini, ilhali ukurasa huo wa Kiswahili, ambao ndio pekee mgonjwa aliousoma, ni nadra kuulizwa swali.

Sheria ya nchi haiungi mkono hali hii. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inataka mgonjwa apewe habari za hali yake na za matibabu yake kwa lugha anayoielewa. Ikiwa hilo ni wajibu wa daktari kazini, haifai mtihani wa juu kabisa wa kazi yake usiuguse.

Kuna watakaopinga. Watasema kwamba tiba ni taaluma ya kimataifa na istilahi zake ni za Kiingereza. Nakubali, mjadala wa mtahiniwa na watahini ubaki kwa Kiingereza. Ninachokizungumzia ni mjadala wake na mgonjwa. Watasema kwamba wapo watahiniwa wasiojua Kiswahili, na wagonjwa wasiokijua vilevile. Ni kweli, na ndiyo sababu kanuni inahitajika. Chuo cha Madaktari wa Upasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kilichoundwa mwaka 1999, huwatahini madaktari wa nchi nyingi zenye lugha tofauti. Mahali kama hapo, kumtumia mkalimani vizuri ni ustadi wa kazi, na ustadi hupimwa.

Napendekeza basi mambo manne. Kwanza, sehemu ya mahojiano na mgonjwa ifanyike mbele ya mtahini mmoja angalau anayeielewa lugha inayotumika. Pili, karatasi ya alama iwe na nafasi ya lugha: je, mtahiniwa aliuliza kwa maneno mepesi, alihakikisha majibu, aliueleza ugonjwa hadi mgonjwa akaweza kuurudia kwa maneno yake? Sehemu hiyo ipitwe peke yake, kama wodi inavyopitwa peke yake. Tatu, pasipo na lugha ya pamoja, chuo kilete mkalimani aliyefunzwa, asiwe jamaa wala jirani wa kitanda, na mtahiniwa aongezewe muda. Nne, fomu ya ridhaa ya Kiswahili isomwe na mtu wa lugha kabla tasnifu haijapitishwa. Haya yatahitaji walimu wa tiba na walimu wa lugha waketi meza moja, jambo ambalo katika vyuo vyetu hutokea kwa nadra.

Nawageukia walimu wa shule. Chini ya mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, daktari aliyesomea humu nchini alifunzwa Kiswahili kwa miaka 12 kabla ya kuingia chuo kikuu. Kisha huingia kitivo cha tiba, na huko hapimwi tena katika lugha hiyo, ingawa ataitumia kila siku ya kazi. Mwanafunzi wa kidato cha nne anayetaka udaktari na kulidharau somo la Kiswahili hajakosa akili. Ameona kwamba mitihani iliyo mbele yake hailitaki. Mawaidha yetu hayatambadilisha. Seneti za vyuo vikuu zina uwezo wa kumbadilisha kwa kuongeza vifungu vichache katika kanuni zao. Wanaoketi katika seneti hizo nao huugua, na wengi wao wana mama mzazi ambaye, maumivu yakimshika, hatayaeleza kwa Kiingereza.