Kwa Nini Kompyuta Husahau Watu Inaowajua

Tuchukue mfano wa mwalimu wa taaluma katika shule ya sekondari ya bweni iliyoko Kibeta, Manispaa ya Bukoba. Kompyuta ya ofisini kwake ina programu ya barua-pepe yenye anwani na nambari za simu za watu mia nne, wengi wao wazazi. Orodha hiyo hiyo anayo katika simu ya mkononi, na kila jioni huviunganisha vyombo hivi viwili ili yaliyobadilika upande mmoja yaingie na upande wa pili. Kitendo hiki tutakiita kuoanisha.

Siku moja fundi anaweka toleo jipya la programu ya barua-pepe. Jioni mwalimu anaoanisha kama kawaida, na simu inaonyesha watu mia nane. Kila mzazi yupo mara mbili. Yupo pia mzazi mmoja aliyebadili nambari asubuhi ile, na mwalimu akaiandika katika simu peke yake. Sasa nambari ya zamani na nambari mpya zimekaa bega kwa bega, wala hakuna alama ya kuonyesha ipi inafanya kazi. Mwanafunzi akiugua usiku bwenini, mwalimu atapiga ipi?

Watu wengi hukimbilia kulaumu waya. Lakini waya uliofikisha watu mia nne wa ziada hauwezi kuwa mbovu. Kosa liko mahali pengine, na ili kulielewa yatupasa kujua jinsi vyombo hivi vinavyomtambua mtu.

Kompyuta haimtambui mtu kwa jina kama tufanyavyo sisi. Kila kumbukumbu hupewa nambari ya utambulisho, ambayo kwa kawaida mtumiaji haioni. Simu ina nambari zake na kompyuta ina zake. Katikati hukaa programu ndogo, ambayo hapa tutaiita kiungo, yenye kutunza jedwali la jozi: nambari 57 ya simu ndiyo nambari 1203 ya kompyuta. Pamoja na jozi hizo, kumbukumbu iliyoguswa tangu mara ya mwisho hutiwa alama, ili kiungo kishughulike na zile chache zilizobadilika tu. Vifaa vya mkononi vya Pilot, vilivyotoka Marekani mwaka 1996, vilifanya kazi kwa utaratibu wa namna hii. Kifaa kikikutana na kompyuta kiliyooana nayo mara ya mwisho, kilitazama alama tu, na kazi ikaisha upesi. Kikikutana na kompyuta nyingine, kililazimika kulinganisha kumbukumbu moja baada ya nyingine, na mwenyewe angeweza kwenda kunywa kahawa akarudi.

Sasa tazama lifanyikalo toleo jipya linapowekwa. Mara nyingi anwani hunakiliwa kutoka faili la zamani kwenda faili jipya. Katika programu ya Outlook ya Microsoft, kwa mfano, kumbukumbu inayohamishwa kutoka hifadhi moja hadi nyingine hupata utambulisho mpya. Jina ni lile lile, simu ni ile ile, lakini kwa kiungo huyu ni mgeni. Jedwali la jozi likiwa limepotea kabisa, kila upande huwahesabu watu wote wa upande wa pili kuwa wapya na kuwapokea wote; ndipo mia nne huwa mia nane. Hali mbaya kuliko hiyo ni pale kiungo kinapoelekezwa kwenye faili jipya ambalo bado ni tupu huku jedwali likiwa zima. Hapo huamini kwamba mwenye kompyuta amewafuta watu wote, nacho kwa utii huwafuta katika simu pia.

Mwanafunzi mwepesi atauliza: kwa nini kiungo kisitumie majina? Jibu zuri liko hapo hapo Kagera. Kati ya mwaka 1991 na 1994, Benki ya Dunia pamoja na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walifanya utafiti wa afya na maendeleo katika kaya 915 za mkoa huo. Watafiti walirudi kuwatafuta watu wale wale mwaka 2004, kisha mwaka 2010. Mtoto wa mwaka 1991 sasa alikuwa mzazi mwenye kaya yake, pengine Mwanza, pengine Uganda. Na kwa kuwa watu wa kaya moja walitawanyika, kaya 915 zilikuwa zimezaa zaidi ya 3,300 zilizohojiwa. Kwa majina peke yake kazi hiyo isingewezekana. Jina huandikwa hivi leo na vile kesho, na babu na mjukuu huweza kuitwa jina moja. Kilichomrudisha kila mtu kwenye kaya yake ya awali ni nambari. Katika awamu ya mwaka 2010 fomu za karatasi ziliachwa na majibu yakaandikwa moja kwa moja katika kompyuta ndogo. Katika kazi ya aina hiyo, kaya ikiingia mara mbili, mtoto mmoja mgonjwa huhesabiwa wawili.

Turudi kwa mwalimu wetu. Jambo la kwanza ni kuzuia vyombo visioane tena, kwa maana kila jaribio huongeza fujo. Kisha atoe nakala ya kila upande ulivyo, hata kama umeharibika, na kuiweka pembeni. Ahakikishe kwamba kiungo ni cha toleo linalokubaliana na programu mpya, kwamba kinaelekea kwenye faili lenye watu, na kwamba saa na tarehe za vyombo vyote viwili ni sahihi. Baada ya hapo achague upande mmoja kuwa asili. Kwa kawaida ni kompyuta, baada ya kurudishiwa nakala iliyotolewa kabla ya badiliko. Ile nambari mpya ya mzazi, iliyokuwa katika simu tu, aiandike humo kwa mkono. Ndipo aamuru uhamisho wa upande mmoja, kompyuta ifute na kujaza upya orodha ya simu. Jedwali jipya la jozi litazaliwa, na kesho yake anaweza kurudia kuoanisha kwa pande mbili.

Zipo programu zinazodai kuondoa marudio zenyewe. Mimi sizipendi. Nyingi hulinganisha majina, na Rweyemamu J. wawili, baba na mwana, huweza kuunganishwa wakawa mmoja.

Darasani jambo hili huonekana bila umeme. Wape wanafunzi wawili madaftari yenye majina kumi yale yale, yaliyopewa nambari tofauti, na mwanafunzi wa tatu karatasi ya jozi. Waache wabadili mambo machache na kuoanisha madaftari kwa nambari tu, bila kusoma majina. Kisha wa kwanza anakili orodha yake katika daftari jipya kwa nambari mpya, nao wajaribu tena kwa karatasi ile ile ya jozi.