Usitupe bahasha ya mahakama! Shoga yangu alivyowabwaga wenye maegesho Uingereza

SHOGA yangu mmoja tuliyekua naye Magomeni siku hizi yuko Leicester, Uingereza, anatunza wazee. Kazi yake ni kwenda nyumba hadi nyumba, kuogesha, kulisha na kuwapa watu dawa zao. Kigari chake kidogo ndiyo miguu yake. Mwaka 2025 alinipigia simu usiku wa manane, analia. Nikajua msiba.

"Nani kafa?" nikamuuliza.

"Hajafa mtu, shoga. Nimeshitakiwa. Kisa maegesho!"

Nilitaka kucheka, nikajizuia. Hapa kwetu ukiegesha vibaya gurudumu linafungwa mnyororo, au bredauni inaondoka na gari. Unalipa, unalaani, unakwenda zako. Lakini kupelekwa mahakamani?

Kumbe wenzetu nao walikuwa na minyororo. Ila kwa England na Wales, sheria iliyoanza kutumika Oktoba 1, 2012 ilipiga marufuku kufunga magari kwenye viwanja vya watu binafsi. Badala yake makampuni ya maegesho yakapewa rungu jingine: dereva asipojulikana, wanaweza kumdai yule ambaye jina lake limeandikishwa na gari. Jina na anwani wanavipata kwa idara ya serikali inayosajili magari, DVLA, kwa paundi mbili na nusu tu kila jina.

Sasa sikiliza yaliyomkuta.

Saa tisa na dakika 41!

Karibu na kwake kuna maduka yenye uwanja wa magari, saa mbili bure. Siku hiyo aliingia saa 2:11 asubuhi, akanunua maziwa na mkate wa bibi mmoja anayemhudumia, akatoka. Jioni akarudi kununua vya kwake, akatoka saa 11:52. Kila safari haikufika hata nusu saa.

Pale getini hakuna mlinzi wala tiketi. Kuna kamera inayosoma namba za magari. Kamera ikaona alivyoingia asubuhi, ikaona alivyotoka jioni. Yale ya katikati haikuyanasa. Kwa hesabu ya mashine, gari lilikaa pale saa tisa na dakika 41! Ugonjwa huu unajulikana sana huko, safari mbili kugeuzwa moja.

Wiki iliyofuata ikaja barua: lipa paundi 100, ukiwahi ndani ya siku 14 utalipa 60.

Hapo ndipo shoga yangu alipoteleza. Jumapili kwenye sherehe ya Waswahili akaionyesha kwa kaka mmoja, mwenyeji wa siku nyingi. Kaka akacheka. "Hao siyo polisi wala siyo halmashauri ya mji, dada. Ni kampuni tu. Tupa jalalani, watachoka wenyewe."

Akatupa.

Ushauri ule ulikuwa na maana zamani, kabla ya 2012, wakati kampuni haikuwa na njia rahisi ya kumbana mtu ambaye hawakumwona akiendesha. Kisha mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikamaliza ubishi mwingine. Katika kesi ya ParkingEye dhidi ya Beavis, muuza samaki na chipsi alizidisha dakika 56 juu ya saa mbili za bure huko Chelmsford, akadaiwa paundi 85. Alisema hiyo ni adhabu tu, haina uhusiano na hasara yoyote. Majaji sita kati ya saba wakamkatalia. Tangu hapo anayesema "hawana meno" anakupoteza.

Barua zikawa za rangi rangi

Baadaye zikaja barua za wakusanya madeni, wino mwekundu, vitisho kibao. Deni likapanda hadi 170, ati gharama za ufuatiliaji. Hao wakusanya madeni hawana ubavu wa kuja kubeba kochi lako. Dalali wa mahakama ndiye mwenye ubavu huo, na hatumwi mpaka kuna hukumu. Shoga yangu akazidi kutupa.

Ikaja nyingine, ya mawakili: una siku 30 za kujibu kabla hatujafungua kesi. Nayo jalalani.

Mwisho ikatua bahasha ya mahakama yenyewe. Paundi 100 za mwanzo, 70 za ufuatiliaji, 35 za kufungua kesi na 50 za wakili. Jumla 255, zaidi ya laki saba za Kitanzania! Ndipo akanipigia analia.

Mimi sheria siijui. Lakini nilimwambia neno moja: "Shoga, hiyo usiitupe." Kesho yake akaenda kwenye ofisi ya ushauri wa bure kwa wananchi. Mama mmoja wa pale akamfungulia macho.

Ukinyamaza, akamwambia, kampuni inapewa hukumu ya upande mmoja bila hakimu kusikia neno lako. Usipolipa ndani ya mwezi mmoja, jina lako linakaa kwenye daftari la wadaiwa miaka sita. Mwenye nyumba akitaka kukupangisha anachungulia humo, na benki inachungulia humo. Shoga yangu alikuwa anatafuta nyumba ya vyumba viwili ili amlete mwanawe. Unaona sasa? Paundi mia zilikuwa zinataka kumla nyumba.

Muda wa kujibu nao ni mfupi. Hati inahesabika imekufikia siku ya tano tangu tarehe iliyoandikwa juu yake. Kuanzia hapo una siku 14. Ukijibu tu kwamba umeipokea na utajitetea, unapata jumla ya siku 28 za kuandika utetezi. Yeye alikuwa amebakiza siku tatu. Akajibu usiku uleule.

Utetezi siyo matusi

Rasimu yake ya kwanza, nilisomewa kwenye simu, ilikuwa matusi matupu. Wezi, wanyonyaji, wabaguzi. Yule mama akamwambia chana, andika yaliyotokea. Nilikuwa dereva. Niliingia mara mbili, nikatoka mara mbili. Hakuna safari iliyopita saa mbili. Kampuni ithibitishe kwamba gari halikutoka katikati.

Kisha akatafuta ushahidi. Benki ilionyesha malipo mawili dukani, asubuhi na jioni. Kazini kwao kila mhudumu anabonyeza simu akifika kwa mzee na akiondoka. Mwajiri akamchapia orodha ya siku ile. Saa sita mchana alikuwa kwa mzee mmoja maili saba kutoka pale, na huko hakwendi kwa miguu!

Kabla ya kusikilizwa, mahakama ikawapatanisha kwa simu. Kwa kesi za namna hii zilizofunguliwa kuanzia Mei 22, 2024 hilo ni lazima, saa moja, bila malipo. Kampuni ikajitia huruma: lipa 150 tuyamalize. Akakataa. Nikamuuliza huogopi? Akasema, "Shoga, nikilipa nimesema mimi mwongo."

Siku ya siku

Kampuni inapomdai mtu binafsi, kesi ya madai madogo kwa kawaida husikilizwa mahakama iliyo karibu na mdaiwa. Alivaa gauni la kanisani, akitegemea mawigi kama kwenye sinema. Akakuta chumba kidogo, meza ndefu na jagi la maji. Jaji hana joho, anaitwa "Judge" basi. Kampuni ilimleta wakili kijana wa kukodi aliyepewa faili asubuhi ileile.

Jaji alimuuliza kijana swali moja: "Je, unayo orodha ya picha zote za namba hii kwa siku hiyo?" Kijana akapekua. Akapekua tena. Alikuwa na picha mbili tu, ya kuingia na ya kutoka. Jaji akasoma orodha ya mwajiri, akasoma karatasi ya benki. Dakika 40, kesi ikatupwa. Kampuni ikaamriwa imlipe nauli na ujira wa siku aliyopoteza, ambao kwa kesi hizi mwisho wake ni paundi 95.

Alinipigia tena usiku, safari hii anacheka.

Mwambie ndugu yako

Wewe msomaji mwenye mtoto, kaka au shangazi kule England, mfikishie haya. Kama kweli umezidisha muda na vibao vilikuwa wazi, lipa ile bei ya punguzo mapema. Usitafute umaarufu wa yule muuza chipsi. Kama hujakosa, kata rufaa kwa kampuni ndani ya siku 28, wakikataa nenda kwa msuluhishi wanayekutajia. Shoga yangu angefanya hivyo kesi isingefika mbali. Hifadhi risiti. Kama hukuachiwa karatasi kwenye kioo na barua ya kwanza imefika baada ya siku 14, itazame vizuri, maana sheria inaweza kumkinga mwenye gari ambaye hakuwa dereva. Na hati ya mahakama ikifika, jibu.

Hata ukishindwa, kwenye madai madogo kwa kawaida hubebeshwi gharama zote za mawakili wao, na ukilipa yote ndani ya mwezi jina linafutwa daftarini.

Na yule kaka wa sherehe? Shoga yangu anasema walikutana tena juzi. Kaka kamvuta pembeni, kamwonyesha bahasha. "Eti dada, hii ya mahakama nayo natupa?"